Majina Arobaini na Matatu Nyuma ya Ukuta

Espérance na Baraka, mlinikuta nimeshakuwa mzee wa ofisi, mama mwenye miwani miwili na chupa ya chai, anayebonyeza vitufe taratibu kama anayechambua mchele. Mkigombana kama neno liandikwe "mtu" au "muntu", mlinigeukia mimi nitoe hukumu. Espérance ni wa Goma, Baraka ni wa Dodoma, na mimi ni wa Uvira niliyeishi Kigoma miaka sita na kufundisha watoto kusoma huko kabla sijafika Ulaya. Kwa hiyo kila siku mmoja wenu aliona ninampendelea mwenzake. Sasa nimestaafu na hukumu mtazitoa wenyewe.

Mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya kitengo cha Kiswahili kuanzishwa, wakati michezo ya video ilikuja Brussels kwa diski na sisi tuliijaribu kwa Kifaransa na Kiholanzi kabla haijauzwa madukani. Naandika. Vyeo na mishahara naviacha. Vyangu vilikuwa vichache na havina hadithi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa suti yangu ya kanisani. Tangazo lilisema wanatafuta watu wanaosoma Kifaransa vizuri na wenye subira, na mimi sikuwa na kitu kingine zaidi ya hivyo viwili. Ofisi ilikuwa Molenbeek, mtaa wa Brussels, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mfereji, na chini yetu kulikuwa na duka la magodoro. Nilidhani nitakuta mashine za chapa na makarani. Nilikuta watu wazima saba wamekaa mbele ya televisheni nene, kila mmoja ameshika manette, ile ya vitufe ya kuchezea, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Mwanamume mwenye upara alikuwa akimgonganisha shujaa wake na mti uleule, mara kwa mara, huku akiandika.

Aliyenipokea ni Godelieve. Alikuwa Mflamandi mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa amesahihisha vitabu vya simu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka mingi. Mtu anayeweza kusoma kitabu cha simu na kuona namba moja imekaa vibaya, huyo huna la kumficha. Alinipa daftari la mistari, saa ya kupimia sekunde, na penseli yenye rangi nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Nyekundu kwa kosa, bluu kwa shaka.

Baada ya saa mbili nilipeleka kosa langu la kwanza. Niliandika: "Mchezo umeharibika." Aliisoma karatasi, akanirudishia.

"Ulifanya nini?" aliuliza.

"Nilipanda ngazi."

"Uliona nini?"

"Mwanamume akapotea."

"Ulitegemea kuona nini?"

"Afike juu."

"Basi andika hayo matatu. Kuharibika ni maoni yako."

Niliandika upya. Karatasi hiyo ilirudi mara nne, na mara ya nne ilikuwa ni kwa sababu ya mkato uliokosekana. Sikumchukia. Nilikuwa nimefundisha watoto, nilijua mtu anayerudisha kazi mara nne ni mtu anayeisoma mara nne.

Nyumbani mume wangu hakuelewa. Déo alikuwa akiendesha tramu, kazi ambayo kila mtu anaiona. Tulikuwa tumehamia Berchem-Sainte-Agathe, na Jumamosi alipenda kukaa jikoni na magazeti yake na kunihoji.

"Bon, donc unaenda ku bureau, unacheza," alisema. "Jioni unarudia umechoka. Umechoka juu ya nini?"

"Juu ya kufungua milango."

"Milango ya nani?"

"Ya bantu benye habako," nikasema, watu wasiokuwapo.

Alikunja gazeti. "Maman," akasema, "usiseme vile mbele ya bibi yangu akipiga simu, atasema uko mulozi."

Katika mwaka wangu wa pili tuliletewa kazi ya studio moja ya filamu ya Tokyo. Hiyo studio ilikuwa imetengeneza sinema kwa vizazi viwili: nusu zilihusu majitu yanayobomoa miji, na nusu zilihusu familia zinazokula chakula kimya. Watu walipopungua kwenye majumba ya sinema, wakubwa wa studio waliamua kuingia kwenye michezo ya video. Walichukua jukwaa lao la kupigia filamu, wakaweka meza na kompyuta ndani, na baadhi ya mafundi wao wa zamani wakaambiwa sasa watafanya kazi na vijana wa programu. Wengine wengi waliagwa. Haya niliyajua baadaye.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa jitu lenye magamba. Walimwita yule mzee aliyekuwa akivaa vazi la jitu kwenye sinema, wakamwomba atembee mbele ya vijana wa programu, nao wakauiga mwendo wake kwa uaminifu mkubwa. Matokeo yake, unabonyeza kitufe cha kwenda mbele na jitu linalitafakari ombi lako. Magazeti ya michezo ya video yalilicheka. Lakini sisi tuliokaa nalo wiki sita tuliona kitu kingine. Jitu lilipoegemea jengo, kwanza vumbi lilishuka kutoka darini, halafu kimya, halafu vioo, halafu matofali, na mwisho kabisa ndipo sauti ikafika, kama sauti ya kitu kilicho mbali. Katika michezo mingine yote ya wakati ule jengo lilikuwa likipasuka kama puto. Hawa walikuwa wamebomoa miji ya mbao na plasta kwa miaka thelathini. Walijua jengo linavyokufa. Yule mwenye upara, ambaye sikuwahi kumsikia akisifu kitu, alibomoa benki ileile mara kumi na moja na hakuandika neno.

Mchezo wa pili ulikuwa na mvua. Nilikuwa nikimtembeza msichana kutoka duka hadi stesheni, kazi yangu ni kuangalia maandishi ya mabango tu, na mvua ikaanza. Nilipompitisha chini ya paa la vigae ilinyesha kwa namna moja. Chini ya turubai, namna nyingine. Kisha nikampitisha chini ya kibanda cha mabati, na nikaweka manette mezani. Ilikuwa mvua ya Uvira. Ilianza kwa matone matatu manne makubwa, yakinyamaza kidogo kama yanayosubiri kibali, kisha ikamwagika yote. Mtu fulani Japani alikuwa amesimama chini ya bati na kinasa sauti, akasubiri.

Godelieve alipita nyuma yangu. "Mbona umesimama?"

"Nasikiliza mvua ya mabati."

"Ina kosa?"

"Haina."

Alisimama naye akasikiliza, dakika nzima kwa saa yake. "Endelea," akasema, na akaenda zake.

Mchezo wa tatu ndio ulionifundisha kazi, na ndiyo sababu ya karatasi hizi.

Ulihusu mji mdogo wa milimani utakaofunikwa na maji ya bwawa jipya. Mchezaji ni mwanamke wa posta. Ana siku saba za kupita nyumba kwa nyumba, kuwasikiliza wakazi na kuwashawishi wahame. Hakuna risasi, hakuna jitu. Kuna vikombe, viatu mlangoni, wazee wakaidi. Mji wote ulikuwa umechorwa na fundi mkuu wa majukwaa wa studio, bwana Kuramochi, mtu aliyekuwa seremala tangu ujana wake. Kila nyumba ilikuwa na mlango wake na kila mlango ulikuwa na namna yake ya kukwama. Niliingia katika nyumba zile moja moja, na siku nyingine nilipotoka kwenda kupanda tramu nilishangaa kuona kwamba milango ya Molenbeek haijachongwa vizuri vile.

Sehemu moja ya kazi yetu ilikuwa kusukuma kuta. Mnaifanya hata sasa: unamwelekeza mhusika ukutani, unambonyeza asogee, unasubiri kuona kama ukuta utamkubalia. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote na ndiyo maana walinipa mimi. Nyuma ya bafu la umma la mji ule, upande wa kushoto, ukuta ulinikubalia. Mwanamke wa posta akapenya, akaanguka kidogo, na akasimama ndani ya chumba ambacho hakikuwa na mlango.

Chumba kilikuwa na meza fupi, cherehani, kikombe chenye miswaki miwili, na dirisha ambalo mwanga wake wa alasiri ulilala juu ya mkeka. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Ukuta mzima wa upande wa pili ulikuwa ubao uliojaa maandishi ya Kijapani ya brashi, mistari na mistari. Nilimgeuza mwanamke yule taratibu akatazama kila kitu. Nilikuwa nimezoea kukuta nyuma ya kuta za michezo weusi mtupu, au anga iliyokaa chini. Sikuwa nimewahi kukuta mtu amefagia.

Kisha picha ikaganda. Hakuna kitufe kilichofanya kazi.

Niliwasha upya, nikarudi, ikaganda tena. Niliandika ripoti kwa penseli nyekundu: "Chumba kilichofichwa nyuma ya bafu kinagandisha mashine." Tulipiga picha ya kioo cha televisheni kwa kamera, nayo ikaenda Tokyo pamoja na ripoti.

Picha hiyo nilimwonyesha pia Yuriko, mkalimani wetu, Mjapani aliyeolewa Leuven. Aliisogeza karibu na dirisha. "Ni majina ya watu na kazi zao," akasema. Akaanza kusoma kwa kidole. "Huyu ni seremala. Huyu seremala. Huyu mpiga plasta. Huyu mshona mapazia. Huyu fundi wa taa. Huyu mpika chai wa jukwaa la tatu." Sauti yake ilizidi kushuka. Yalikuwa majina arobaini na matatu. Juu kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa pameandikwa kwamba hawa ndio waliojenga miji yote.

"Miji yote ipi?" niliuliza.

"Ile iliyobomolewa kwenye sinema, nadhani," alisema Yuriko.

Jibu la Tokyo lilikuja kesho yake. Walishukuru. Walisema chumba hicho hakikuwamo kwenye mpango ulioidhinishwa, fundi mkuu wa majukwaa ameulizwa na amekiri, na kwamba kitafutwa chote na vitu vyake kabla diski haijapelekwa kiwandani. Tulikuwa na siku sita.

Nililibeba jibu lile hadi nyumbani ndani ya mkoba na sikuweza kula. Déo alinisikiliza hadi mwisho.

"Bale bantu quarante-trois," aliuliza, "uliwaonaka siku moja?"

"Hapana."

"Na ripoti yako iko ya uongo?"

"Si ya uongo."

"Alors?"

"Alors ni mimi niliyewatoa."

Alinisogezea chai.

Asubuhi nilimwambia Godelieve kwamba ningependa kuifuta ripoti. Nilijua kuwa haiwezekani, lakini nilisema. Alifungua faili, akaitoa karatasi yangu, akaiweka kati yetu.

"Umeandika chumba kinagandisha mashine. Uliona chumba kikigandisha mashine?"

"Niliona mashine ikiganda."

"Wapi?"

"Nikiwa chumbani."

"Hilo ni jambo jingine," alisema. "Nami niliipitisha bila kuirudisha. Tumekosea wawili." Akavuta kiti. "Tuna siku tano. Keti."

Nimefanya kazi ngumu maishani, lakini siku zile sijazisahau. Tuliingia chumbani mara nyingi hadi nikajua idadi ya mistari ya mkeka. Tulisimama kila kona. Tuliutazama ukuta, tukautazama mlango usiokuwapo, tukafumba macho ya mwanamke wa posta kwa kumgeuza uso chini. Popote tulipokaa iliganda, na saa ya Godelieve ilionyesha ni dakika tisa na sekunde arobaini tangu kuingia, kila mara. Siku ya pili aliomba diski ya Kijapani, ile yenye sauti za wenyewe. Ukuta ulitupitisha vilevile. Tukakaa chumbani dakika tisa, kumi, ishirini. Tulipofika tisa na arobaini saa ya ukutani iligonga mara moja, sauti nzuri ya kengele ndogo, na maisha yakaendelea.

Tulitazamana. Kwenye diski yetu hatukuwa tumewahi kuisikia kengele hiyo.

"Si chumba," alisema Godelieve. "Ni sisi."

Siku ya tatu tulichapa orodha mbili za sauti, ya Kijapani na ya kwetu, tukazitandaza sakafuni kutoka dirishani hadi mlangoni. Alivua viatu akatembea juu yake na penseli. Hapo ndipo nilipoona kitabu cha simu kilimfanya nani. Hakuwa anasoma. Alikuwa anapita, na kosa lilimvuta lenyewe. Akasimama karibu na mguu wa meza. Kwenye orodha ya Kijapani, mahali pale, paliandikwa kengele ya saa. Kwenye orodha yetu paliandikwa: hotuba ya meya, sehemu ya pili. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeingiza sauti za mwisho za Kifaransa, na meya wa mji ule, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kirefu kuliko Kijapani chake, alikuwa amekalia nafasi ya kengele. Saa ilipotaka kugonga ilimkuta meya, na mashine haikujua la kufanya.

"Kengele hii inatumika wapi tena?" niliuliza.

Alishuka na kidole. Ilitumika mahali pawili. Chumbani, na kwenye onyesho la mwisho la mchezo, maji yanapofika ngazi za ofisi ya meya na saa ya mji inagonga mara ya mwisho.

Onyesho la mwisho tulikuwa tumelijaribu kabla ya sauti mpya kuingia, na hakuna aliyerudi kulitazama. Tuliwaita wenzetu wote. Yule mwenye upara, aliyekuwa na hatua za mchezo zilizohifadhiwa karibu na mwisho, alishika manette. Maji yakapanda mtaani, polepole, yakibeba viatu. Yakafika ngazi ya kwanza. Ya pili. Saa ikanyanyua mshale wake, na picha ikaganda.

Kila mtu Ulaya ambaye angenunua mchezo ule, akaishi na wale wazee wakaidi siku zote saba, angefika pale na kukuta ukuta. Na tusingejua mpaka barua zianze kuja, kama seremala mmoja asingekificha chumba chenye saa inayotembea kweli. Ukiacha saa ya mji katika onyesho la mwisho, saa nyingine zote zilikuwa za kuchorwa. Ya kwake tu ndiyo aliyotaka igonge, mahali ambapo hakuna mtu wa kuisikia.

Niliandika ripoti mpya mwenyewe. Nilifanya nini, niliona nini, nilitegemea nini. Haikurudishwa hata mara moja. Mwishoni Godelieve aliongeza mistari yake: chumba hakina kosa, na siku mbili kabla ya diski kwenda kiwandani hatushauri kugusa kitu kisicho na kosa. Aliiandika kwa rangi nyekundu, si ile bluu ya shaka, na nina hakika haikuwa bahati mbaya. Hotuba ya meya ikafupishwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu hilo.

Lilibaki tundu la ukutani. Hilo lilikuwa kosa halisi, nami nilikuwa nimeajiriwa kuyaandika makosa. Nililifikiria Jumapili nzima.

"Ile tundu utaandika ao hautaandika?" Déo aliniuliza tukitoka misani.

"Nitaandika."

"Bataziba?"

"Wataziba."

"Donc hakuna muntu ataingiaka mule tena."

"Hakuna."

"Mais batakuwa mule," akasema.

Tokyo waliliziba tundu na hawakugusa kingine. Diski zikachapwa. Katika kila nyumba ya Ulaya iliyonunua mchezo ule, nyuma ya bafu la umma, upande wa kushoto, kipo chumba kilichofagiwa na majina arobaini na matatu, na hakuna anayeweza kuingia.

Studio ile ilitengeneza michezo miwili mingine kisha ikafunga kitengo na kurudi kwenye filamu. Wapenzi wa michezo walisema watu wa sinema hawakuelewa vitufe. Ni kweli, hawakuvielewa. Mimi nimejaribu michezo ya watu wanaovielewa sana, na nyuma ya kuta zao ni weusi mtupu.

Godelieve alistaafu. Ofisi ikahamia karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, ambako hata walinzi wa mlangoni wamevaa suti nzuri kuliko za mkuu wetu. Televisheni nene zikaondoka, diski nazo zikaanza kuondoka. Siku moja Yuriko, aliyekuwa ameshaacha ukalimani, alinipigia simu. Kulikuwa na maonyesho ya ufundi wa majukwaa ya filamu mjini, na bwana Kuramochi amealikwa kuonyesha michoro yake. Amestaafu siku nyingi. Anataka kumwona mtu aliyeingia chumbani.

Alikuja ofisini saa nne asubuhi, mzee mfupi, mikono mikubwa, kofia mkononi. Hakutaka chai. Aliketi ukingoni mwa kiti na kuuliza kupitia kwa Yuriko: "Uliona nini?"

Nilimweleza kwa mpangilio, kama ripoti. Meza, cherehani, miswaki miwili, mkeka. Alinisimamisha kwenye dirisha. Mwanga ulitoka upande gani? Kulia. Kivuli cha kikombe kililala wapi? Kushoto, mpaka ukingo wa meza. Akaitikia kwa kichwa.

"Nilikichora kwenye karatasi," alisema. "Kijana mmoja wa programu alikubali kukiingiza. Mimi sijawahi kukiona. Vidole vyangu havijui kucheza."

Nilidhani Yuriko amekosea kutafsiri. Nilimwomba arudie. Hakuwa amekosea.

Diski za majaribio hazitupwi, nyinyi mnajua, na ile yenye tundu na kosa la meya ilikuwa kabatini na lebo ya mwandiko wa Godelieve. Mashine ya kuichezesha nilihitaji nusu saa kuipata. Bwana Kuramochi alingoja bila kujisogeza. Nilimweka kiti karibu na changu, nikampitisha mwanamke wa posta katika mji wake, taratibu, ili aone milango. Alikuwa akiigusa hewani kwa kidole gumba, kama anayekagua mbao. Tukapita bafuni, nikageuka kushoto, nikausukuma ukuta.

Alipoona chumba aliweka kofia sakafuni.

Nilimsimamisha mwanamke wa posta mbele ya ubao wa majina na nikaondoa vidole vyangu kwenye vitufe. Mzee alianza kusoma kwa sauti, na Yuriko akaacha kutafsiri baada ya majina mawili matatu, kwa sababu hakukuwa na cha kutafsiri. Kwenye mengine alitaja tu. Kwenye mengine alinyamaza. Kwa mmoja alicheka na kusema kitu kuhusu nyundo iliyoangukia bakuli la supu. Alipomaliza jina la mwisho dakika tisa na sekunde arobaini zilikuwa zimekaribia, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Picha ikaganda.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imesimama tu," nilisema. "Kosa letu, si lako."

Aliendelea kuutazama ubao uliosimama. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akarudia tena kuhesabu, na uso wake ukabadilika.

"Kuna mmoja simwoni," alisema. "Iwakiri. Tsuneo Iwakiri. Alikuwa akipaka rangi anga, yale mapazia makubwa ya nyuma. Alikuja alfajiri kabla yetu, akapaka, akaondoka. Tukifika tunakuta anga imeshafanyika." Alinigeukia. "Ndiyo maana nilimsahau. Sikuwahi kumwona akifanya kazi. Inaweza kuongezwa?"

Nilimwambia diski zilikwisha kuuzwa miaka mingi. Alikubali kwa kichwa. Akaomba daftari langu, akaandika jina hilo mwenyewe kwa Kijapani, na Yuriko akaliandika chini yake kwa herufi zetu.

"Anga ya mchezo huu aliichora nani?" niliuliza.

"Hakuna aliyeichora. Vijana walipiga picha mapazia yake ya zamani."

Miaka yote ile nilikuwa nimesukuma kila ukuta wa mji ule na kufungua kila mlango. Juu sikuwahi kutazama, kwa kuwa hakuna mchezaji anayeweza kuigusa anga na kwa hiyo haina la kujaribiwa. Niliiwasha mashine upya. Nilimtoa mwanamke wa posta hadi kwenye daraja, mahali palipo wazi, nikamwinua uso.

Mawingu yalikuwa yakitoka nyuma ya mlima, meupe juu, chini yamegusa rangi ya majivu, na katikati yao palikuwa na upenyo ambapo mwanga ulikuwa unakaribia kupita. Mikwaruzo ya brashi ilionekana. Yalisogea polepole sana hata ilibidi ungoje ili uyaone yakisogea, na sisi watatu tulingoja. Kwenye meza nyingine wenzangu waliacha vitufe vyao, mmoja baada ya mwingine, wakaja kusimama nyuma yetu.

"Ndiye huyo," alisema bwana Kuramochi.

Alikaa hadi Yuriko alipomkumbusha treni yake, na hata hapo alivaa kofia bila kuondoa macho kwenye kioo.